Hodi ya Mnarani

Bi Mize wa Tumbe hakuwa mtu wa kualikwa kwa simu. Alilisema hilo kwa nduguye, Mzee Nyange wa Makoongwe, akalirudia kwa wifi yake, na hatimaye akamfikishia bibi arusi mwenyewe.

"Mwanakhamis, mie ndiye shangazi yako, dada wa baba yako. Shangazi hufuatwa nyumbani kwake, akakaa mkekani na mgeni wake, akaambiwa kwa mdomo. Ukinialika kwa hicho kisimu, usiniwekee sahani, maana sitakuja."

Na arusi isiyokuwa na shangazi ni arusi ya kusemwa mwaka mzima. Kwa hiyo, ingawa bibi arusi anapokaribia siku yake hufungiwa ndani, Mwanakhamis aliruhusiwa kutoka Jumanne ile, arusi ikiwa Ijumaa.

"Nenda, mwambie, kisha urudi na kaka yako," mama yake alimwagiza. "Hafiz yuko huko huko Tumbe na mafundi. Na jifunike vizuri, jua lisinipotezee liwa yangu niliyokusugua wiki nzima!"

Mtu mmoja tu hakuipenda safari ile, naye alikuwa bwana arusi. Jana yake jioni Azzam alipopiga simu kutoka Tumbe, sauti yake ilibadilika aliposikia habari za shangazi.

"Huku utafuata nini, mpenzi wangu? Si nimekuwekeeni mtandao wa kasi hapo Makoongwe? Mpigie shangazi yako video. Akuone, umwone, yaishe."

"Si wewe mwenyewe uliyesema Tumbe mtandao wa kasi haujafika?"

Azzam alijibu haraka.

"Kweli, haujafika. Bado tunafunga vifaa. Basi ngoja, tutakwenda kwake pamoja baada ya arusi, mimi na wewe, mke na mume."

"Shangazi gani huyo anayealikwa baada ya wageni kwisha kula?" Mwanakhamis alicheka.

Azzam naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuja kwa kuchelewa. Mwanakhamis hakumwambia kwamba ameshaamua. Alitaka kumtokea ghafla chini ya mnara, amwone macho yatakavyomtoka. Alilala na tabasamu mdomoni.

Mapenzi yao yalianzia mnarani. Kampuni ya simu ilikuwa ikibadilisha mitambo mnara kwa mnara ili watu wapate mtandao wa kasi. Ilianza Chake Chake, ikashuka Mkoani, ikavuka hadi kisiwa kidogo cha Makoongwe. Siku ya kwanza Azzam alifunga mkanda wake, akavaa kofia yake ngumu, akapanda juu kimya kimya. Kabla hajafika katikati, chini kulizuka kelele. Wanawake walikuwa uwani mwao, huyu kichwa wazi, huyu anaogesha mtoto, huyu amejifunga kanga moja anachuja nazi, na mwanamume yuko angani anawaona wote kama walioanikwa.

Mzee Nyange alikwenda mwenyewe chini ya mnara.

"Kijana, shuka! Kwenu Wete watu hupanda juu ya nyumba za watu bila hodi?"

"Mzee wangu, mimi natazama nyaya tu."

"Mkwezi wa nazi naye hutazama nazi tu. Lakini hapandi mpaka apige kelele, wenye nyumba wajisitiri. Mnazi wako ni wa chuma, lakini ni mnazi. Piga hodi!"

Azzam alishuka, akaomba radhi, akainua uso na kupiga hodi kwa sauti iliyofika mpaka pwani. "Hodiii! Napanda! Wenye nyua jisitirini!" Na siku ya pili yake, alipokwisha kumwona msichana mrefu mwenye macho makubwa akimchungulia kwenye upenyo wa ua wa makuti, akaongeza maneno yake mwenyewe. "Na anipendaye asitazame juu, nisije nikaanguka!"

Makoongwe nzima ilicheka. Lakini wanawake wote walipokimbilia ndani, Mwanakhamis alijivuta ushungi, akabaki palepale, akatazama juu. Azzam alimwona. Kuanzia siku ile ile hodi ilikuwa barua yao, na kila iliposikika Mwanakhamis alijua kwamba katika wanawake wote wa kisiwa kile, maneno ya mwisho ni yake peke yake.

Posa ilipokuja, Mzee Nyange aliikataa.

"Huyu ni mtu wa kupita," alisema. "Leo yuko mnara huu, kesho ule. Watu wa namna hiyo mke huwa nao kila wanapolala."

Mwanakhamis alilia, akakonda, akamwangukia baba yake miguuni. Hatimaye, kama desturi ilivyo, mtu alitumwa kwenda kumuulizia mposaji alikozaliwa na alikokaa, ajulikane ana mke, ana madeni, anasali, hasali. Aliyetumwa alikuwa Hafiz, kaka wa Mwanakhamis wa tumbo moja. Alikwenda Wete, akaenda Tumbe ambako Azzam aliwahi kukaa muda mrefu mnara ulipojengwa, akarudi uso wake unang'aa.

"Baba, nimeuliza msikitini, nimeuliza barazani, nimeuliza mpaka kwa muuza urojo. Kijana safi. Hana mke wala mchumba."

Mzee Nyange aliwageukia wazee waliokaa naye.

"Basi nasikia. Lakini jueni nyote, ninamtoa binti yangu kwa neno la Hafiz. Si kwa uzuri wa huyo fundi."

Muda si mrefu baadaye Azzam alimchukua Hafiz kazini, awe mshika kamba wake chini ya minara. Mwanakhamis aliona Mungu amempa mume na kumpa kaka yake riziki kwa mkono mmoja.

Sasa alikuwa garini, njia ya kaskazini, simu mapajani. Azzam alimfundisha kutazama pembeni mwa kioo. Ikitokea herufi E, mtandao ni wa kujikokota, hata picha moja haifunguki. Ikitokea 4G, huo ndio wa kasi, video inatiririka kama maji. Alipotoka Mkoani ilikuwa 4G. Vilimani ikawa E. Chake Chake 4G, mabondeni E tena. Kila ilipobadilika alitabasamu, akijiambia hapa mume wangu alipanda, hapa bado hajapanda. Ilikuwa kama kufuata nyayo za mtu umpendaye.

Alishuka Tumbe karibu na diko, pale samaki wanaposhushwa. Aliitazama simu ili aione E.

Ilikuwa 4G.

Akaizima, akaiwasha. Bado 4G, imesimama wima, haitikisiki. Mbele yake mchuuzi mmoja alikuwa ameegemeza baiskeli kwenye mnazi, ameinua jodari kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, anapayuka.

"Litazame jicho, yakhe! Jicho hili la samaki wa jana? Mie n'kudanganye na unaniona uso kwa uso? Hebu chungulia na mashavu!"

Alipomaliza, Mwanakhamis alimsogelea.

"Kaka, samahani. Mtandao huu wa kasi hapa Tumbe umefika lini?"

Mchuuzi alimtazama kama anayetazama kichekesho.

"Tangu kabla ya Ramadhani, bibi wee! Sasa tuko mfunguo pili, mwezi wa pili tangu Idi. Kwani weye watoka wapi, mwezini?"

"Makoongwe."

"Basi rudi ukawaambie wenzio Tumbe tushaamka!" Akapanda baiskeli yake, huyoo.

Mwanakhamis alibaki na mkoba wake mkononi. Kabla ya Ramadhani! Na Ramadhani nzima, kila alipomwomba Azzam amwone walau wakati wa kufuturu, jibu lilikuwa moja tu. Huku bado, mpenzi. Video haiwezi. Moyo ulimpiga kofi. Lakini moyo unaopenda una mawakili wengi. Pengine mtandao uko pwani tu. Pengine kazi imembana. Pengine alitaka nimtamani zaidi. Alijitetea hivyo njia nzima mpaka mlangoni kwa shangazi yake.

"Hodi, shangazi! Shikamoo!"

"Marahaba, marahaba mwanangu! Karibu! Jamani bibi arusi mwenyewe! Nitazame... liwa hii kaisaga mama yako? Mkono wake naujua, hauna ubahili." Bi Mize alimkumbatia, akamketisha mkekani uwani, akamletea maji ya madafu. "Haya, sema lililokuleta. Najua, lakini sema."

Mwanakhamis alikaa kitako, akashusha macho, akasema kama alivyofundishwa.

"Shangazi, baba anakusalimu. Ijumaa ni arusi yangu. Nimekuja kukualika."

"Umesikilizwa, na nitakuja," Bi Mize alijibu kwa fahari, macho yamejaa machozi. "Sasa hapo umenialika. Haya niambie, huyo bwana arusi wako ni yupi? Baba yako kasema fundi wa Wete, basi. Na nduguyo Hafiz ndiye kabisa. Kila nikimuuliza, aniambia nitamwona siku hiyo."

Mwanakhamis alifungua mdomo ajibu. Na papo hapo, nyuma ya ua wa makuti, kutoka kwenye mnara uliosimama juu ya nyumba zile, sauti ilishuka.

"Hodiii! Napanda! Wenye nyua jisitirini!"

Uso wake ulichanua. Ndiye! Alijivuta ushungi na kuinuka, kicheko kimemjaa kifuani. Ndiye Azzam wake, na hajui kwamba yuko hapa!

"Na anipendaye asitazame juu, nisije nikaanguka!"

Kutoka ua wa jirani kicheko cha mwanamke kilipasuka, kicheko cha mtu aliyezoea.

"Anguka basi! Mikono ninayo, nitakudaka!"

Watoto wa jirani walishangilia. Bi Mize akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Hao ndio burudani yetu. Huyo ni mume wa Rahma, jirani yangu. Akipanda mnara, lazima amchokoze mkewe. Keti, mwanangu, hakuoni, umejisitiri vya kutosha."

Mwanakhamis hakuketi wala hakusimama. Alikuwa ameinama nusu, mkono kwenye mkeka, kama mtu aliyeingiwa na mwiba na hajui ni wapi.

"Mume wa nani, shangazi?"

"Wa Rahma. Wameoana mwaka jana. Arusi yao hapa hapa, na Hafiz alipokuja baadaye alilala kwao siku mbili. Kapikiwa pweza wa nazi, akarudi kwangu anajilamba vidole. Hakukusimulia?"

Baadaye, kila Mwanakhamis alipoikumbuka siku ile, hapo ndipo palipomchoma. Jina la Rahma lilimpiga. Jina la Hafiz ndilo lililomwangusha.

"Hakunisimulia," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bi Mize! Nasikia una mgeni!" Rahma aliingia kupitia upenyo wa ua, kikapu cha mkate wa kumimina mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mweupe wa meno, mwenye uso ambao mtu hawezi kuuchukia hata akijitahidi. "Assalaamu alaykum, dada. Karibu Tumbe."

"Waalaykumu ssalaam."

"Huyu ni Mwanakhamis, nduguye Hafiz," Bi Mize alisema. "Bibi arusi wa Ijumaa."

"Nduguye Hafiz! Lo, basi weye si mgeni, weye ni wifi yangu!" Rahma alimshika mikono yote miwili. "Hafiz kwetu ni shemeji kabisa. Mbona hakutwambia dada yake aolewa? Ah, wanaume! Na bwana arusi ni nani?"

Mwanakhamis alitazama mikono ile iliyoshika mikono yake. Ilikuwa ya moto, inanukia iliki.

"Fundi," alisema. "Wa kampuni ya simu."

"Basi mume wangu atamjua! Mafundi wote hawa wanajuana. Ngoja ashuke." Rahma alitoa simu yake kifuani kwa furaha. "Mie mtandao huu umeniponya, wallahi. Zamani akenda minara ya kusini, wiki nzima nasikia sauti tu. Sasa usiku namwona. Na alinambia, Tumbe kaifungua mapema kuliko kwengine kwa ajili yangu. Alimwomba mkubwa wake."

Makoongwe nimeifungua mapema kwa ajili yako, Mwanakhamis. Nilimwomba mkubwa wangu. Alikuwa ameyasikia maneno yale kwa Azzam, sikioni mwake mwenyewe, akayasimulia kisimani, akaonewa wivu na wasichana wa kisiwa kizima. Sasa aliyasikia kwa kinywa cha mwingine, bila hata neno moja kupungua.

"Anakupenda," alimwambia Rahma. Hakujua kwa nini alisema hivyo.

"Ananipenda, alhamdulillahi."

"Wewe unampenda?"

Rahma alicheka kwa aibu. "Dada nawe! Si mume wangu?"

Chini ya mnara vyuma viligongana, kamba ikashushwa, na viatu vizito vikakaribia upenyo wa ua.

"Hodi, Bi Mize! Mke wangu kahamia kwako?"

"Karibu, mwanangu, ingia."

Azzam aliingia kofia yake ngumu kwapani, jasho linamtiririka, akitabasamu. Nyuma yake alikuja Hafiz na kamba begani. Tabasamu la Azzam lilibaki usoni kwa muda baada ya macho yake kuona, kama taa ambayo imesahauliwa kuzimwa. Hafiz aliiangusha kamba.

"Azzam," Rahma alisema, "huyu ni dada yake Hafiz, aolewa Ijumaa na fundi mwenzenu. Mwamjua?"

Kuku mmoja alipita katikati yao, akadonoa, akaondoka.

"Mwambie," Mwanakhamis alisema.

"Mwanakhamis..."

"Mwambie mkeo ni fundi gani. Mimi ni mgeni hapa, si adabu kumwambia mimi."

Rahma alimtazama mumewe, akamtazama mgeni, akamtazama tena mumewe. Simu aliyokuwa ameishika aliirudisha kifuani polepole, kana kwamba ni kitu cha haramu.

"Ni weye?" aliuliza.

"Rahma, twende nyumbani, nitakueleza."

"Nieleze hapa. Bi Mize ni mama yangu."

Azzam alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa kijana mzuri, na hata wakati ule, na hilo lilimtia Mwanakhamis uchungu zaidi, alikuwa bado mzuri.

"Sikufanya haramu," alisema. "Nilitaka kuoa. Dini imeniruhusu. Mimi simchezei mtoto wa mtu, nimepeleka posa, nimefuata mlango wa mbele..."

"Mlango wa mbele!" Mwanakhamis alimkata. "Baba yangu alituma mtu akuulizie. Ungesema nina mke, baba angejua, mimi ningejua, Rahma angejua. Kama ningekubali, ningekubali nikijua ninachokubali. Dini imekuruhusu wake, Azzam. Kuna mahali ilikuruhusu kusema Tumbe haina mtandao?"

"Niliogopa kukukosa."

"Na mie?" Rahma aliuliza kwa upole. "Mie uliogopa nini kwangu?"

Azzam alihamisha kofia yake kwapa la pili.

"Ungenambia, ningelia," Rahma aliendelea. "Ningelia sana, nisikufiche. Kisha siku ya arusi ningekwenda nikawapikia wageni, kama walivyofanya wanawake kabla yangu. Lakini umeniacha nishangilie. Nilikuwa nikikujibu kwa sauti Tumbe nzima inisikie, kumbe maneno yale umeyagawa kama peremende."

Aligeuka kwa Mwanakhamis. Macho yalikuwa yamejaa, lakini hakuyafuta.

"Dada, nisamehe."

"Wewe ndiye unayeniomba radhi?"

"Nimekwita wifi," Rahma alisema, akachukua kikapu chake, akakumbuka kwamba alimletea mgeni, akakirudisha chini na mkate wake wote, akatoka kwa upenyo ule ule. Azzam alisimama katikati, mguu mmoja kwa huku, mmoja kwa kule.

"Mwanakhamis, Ijumaa wageni wanakuja. Usinivunjie heshima. Moyo wangu uko kwako, unajua."

"Mfuate mkeo," alimjibu. "Mimi siku zote nilitazama juu, sikuanguka mimi wala hukuanguka wewe. Leo niache nitazame chini."

Azzam alitoka. Mwanakhamis alidhani hapo atalia. Hakulia. Kulikuwa na mtu mwingine amesimama uwani.

"Hafiz."

"Dada yangu."

"Pweza alikuwa mtamu?"

Hafiz alipiga magoti mbele yake. Alikuwa mwanamume mzima, ndevu zake zimejaa, lakini alipiga magoti kama zamani walipokuwa watoto wakicheza naye akimwangusha kwa bahati mbaya.

"Sikuja Tumbe na nia mbaya. Wallahi nilikuja kuuliza kweli. Siku ya kwanza tu nikamkuta na mke. Azzam akanishika mkono, akaniambia, Hafiz, nampenda dada yako, nitamwambia mwenyewe taratibu. Na wewe kazi hii ya kuvua haikufikishi popote, njoo kwangu, nikufunze mnara. Nikafikiri, sasa kosa liko wapi? Atakuwa mke wa pili, wangapi ni wake wa pili? Na wewe ulikuwa unalia, huli, umekonda. Nikasema nikipeleka jibu hilo, baba atakataa, utakufa."

"Kwa hiyo ulidanganya ili nisife."

"Ndiyo."

"Na ili ushike kamba."

Hafiz aliinamisha kichwa. "Na ili nishike kamba."

Bi Mize aliinuka. "Ulikula kwangu ukalala hapa, Hafiz. Ukanitazama machoni. Mie nadhani wanuka pweza, kumbe wanuka uongo." Akaingia ndani, akawaacha.

"Dada, nisikilize," Hafiz alisogea. "Arusi haitakuwa, sawa. Lakini usimwambie baba hili. Sema umeghairi tu. Wasichana hughairi. Watakusema mwezi, miwili, watanyamaza. Lakini mimi, baba alinisimamisha mbele ya wazee akasema kwa neno la Hafiz. Akijua, mimi sina baba tena."

Mwanakhamis alimtazama. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka maji ya kupwa. Huyu ndiye pekee aliyeambiwa siri ya kwanza ya hodi ile, wakiwa wawili jikoni, naye akacheka na kuapa hatamwambia mtu. Sasa alikuwa akimwomba ajitwike aibu ya msichana mwepesi, aliyempigisha baba yake mbio za posa kisha akaghairi siku tatu kabla, ili yeye abaki mwana mwema.

"Nikisema nimeghairi, nani ataniposa tena, Hafiz?"

"Atatokea mtu."

"Na wewe utakwenda kumuulizia?"

Hafiz alifumba macho.

Mwanakhamis alitoa simu. Aligusa jina la baba yake kwa video, maana mama alimwagiza apige akifika salama, na Tumbe video ilikuwa inafika. Ikaita. Ikapokelewa. Kwenye kioo likatokea sikio kubwa la kizee na mvi za pembeni. Mzee Nyange hakuwahi kuamini kwamba simu inaweza kuzungumza bila kubandikwa sikioni.

"Mwanakhamis! Umefika?"

"Nimefika, baba."

"Shangazi yako kakubali?"

"Amekubali." Machozi yalianza kumtoka sasa, mengi, bila sauti. Alimshukuru Mungu kwa sikio lile, kwani sikio halioni. "Baba, Ijumaa hakuna arusi."

Sikio lilisogea kiooni.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Azzam ana mke hapa Tumbe. Nimekaa naye, nimemshika mkono. Ni mke mwema."

Pumzi za mzee zilisikika, moja baada ya nyingine.

"Amemwoa lini? Juzi?"

"Mwaka jana, baba. Kabla ya posa."

"Haiwezekani. Hafiz aliuliza."

Mwanakhamis alimtazama kaka yake aliyepiga magoti. Hafiz alitikisa kichwa, midomo yake inasema bila sauti, nakuomba, nakuomba. Neno moja tu lingetosha. Hakujua, baba. Walimficha. Neno fupi, jepesi, na Hafiz angesalimika. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake.

"Hafiz yuko hapa," alisema. "Atakueleza mwenyewe."

Akamwekea simu mkononi. Hafiz aliishika kwa mikono miwili, sikio lile la kizee mbele ya uso wake.

"Baba... shikamoo, baba."

Mzee Nyange hakuitikia. Sikio liliondoka. Kukapita paa, kukapita ukuta, kisha, kwa mara ya kwanza tangu simu zifike Makoongwe, uso wake wote ukasimama mbele ya kioo, umekunja kipaji, unatafuta.

"Weka uso wako nikuone," alisema. "Ulisema neno mbele ya wazee. Sasa liseme tena, nikikutazama."

Hafiz alisema. Alisema yote, Wete na Tumbe, pweza na kamba, akilia kama mtoto. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na alipomaliza hakumtukana wala hakumlaani.

"Mpe dada yako simu."

Mwanakhamis aliipokea.

"Mwanangu," baba yake alisema, na sasa alimwona anavyolia, hakuwa na pa kuficha. "Mimi ndiye niliyekutoa kwa neno la mtu. Aibu hii ni yangu, si yako. Lala kwa shangazi yako. Kesho nitakuwa Mkoani kukupokea."

"Na Hafiz, baba?"

Mzee Nyange aliangalia pembeni, kwa mkewe pengine, au kwa ukuta tu.

"Hafiz ana kazi," alisema, na picha ikazimika.

Hafiz aliinua uso. "Nisamehe, Mwanakhamis. Niambie tu kwamba utanisamehe, hata si leo."

Alitaka kumjibu. Alimtafuta ndani yake yule kaka wa maji ya kupwa na wa siri za jikoni, amwambie neno kwa ajili yake, akamkosa. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akaingia ndani kwa shangazi na kuusindika mlango nyuma yake.

Bi Mize alimpokea kifuani bila kuuliza. Na hapo ndipo kilio kilipomjia, kile kikubwa, cha kutikisa mabega. Shangazi alimpapasa mgongo akimwambia wanaume wako wengi, mwanangu, atakuja wa kheri, huyo Azzam usimlilie.

Mwanakhamis alitikisa kichwa kifuani mwake. Hakuwa akimlilia Azzam.

Nje, mlangoni, kaka yake alikuwa bado akibisha hodi.